Shingo ya Rolande

Wivu wa Guylain Mukendi ulilala karibu miaka mitano, na kilichoulaza ni ugonjwa wa mke wake.

Kabla ya hapo haukujua usingizi. Guylain, mtu wa Likasi, alimwoa Rolande mjini Brussels mwaka wa 2004, akamleta kwenye ghorofa lake la Anderlecht, na tangu juma la kwanza akaanza kumchunga kama mtu anavyochunga sufuria ya maziwa motoni. Rolande alikuwa mwanamke wa Bukavu, mrefu, shingo yake ina pingili za kupendeza, na alikuwa na tabia moja ambayo mumewe alishindwa kuizoea: alimtazama kila mtu usoni. Muuza mikate, dereva wa basi, wazee wa ile nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, wote aliwatazama machoni na kuwangoja wamalize maneno yao. Watu walimpenda kwa hilo. Guylain aliona kila mtazamo kama kitu kilichobebwa kutoka nyumbani kwake bila ruhusa. Alimpigia simu kazini bila jambo la kusema. Alimuuliza kwa nini shemasi alicheka naye baada ya ibada, na wamecheka nini. Hawakujaliwa mtoto, na hilo nalo alilitia kwenye moto wake kama kuni. Mwanamke asiye na mtoto, alijiambia, hana kinachomfunga.

Basi, baridi ya mwaka wa 2007 ilipoingia, Rolande akaanza kulalamika kwamba shingo inamvuta. Walidhani ni upepo wa dirishani. Guylain akamsugua kwa mafuta ya kafuri, akambadilishia mto. Shingo haikusikia. Kufikia mwezi wa pili kichwa chake kilikuwa kinageuka chenyewe upande wa kushoto, kidevu kikitafuta bega, na akijaribu kukirudisha kinatetemeka kama jani. Kanisani walimwekea mikono na kukemea. Dada yake mkubwa, Alphonsine, aliyekaa Berchem-Sainte-Agathe, alisema maombi ni mazuri lakini hospitali nazo ni za Mungu, akamshika mkono akampeleka Woluwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Huko ugonjwa ulipewa jina: dystonie. Daktari aliwaeleza taratibu kwamba shingo yenyewe haina kosa. Ubongo ndio unaotuma amri zisizotakiwa, na misuli, kama askari watiifu, inakaza bila kuuliza. Dawa ya kuung'oa haikuwepo. Palikuwa na sindano za kulegeza misuli, ambazo zingechomwa kila baada ya miezi kadhaa. Zilimsaidia. Kichwa kililegea, kisha dawa ikaisha nguvu na kichwa kikarudi begani, na hivyo ndivyo maisha yao yalivyokwenda, kupanda na kushuka.

Rolande aliacha kazi. Hangeweza kumwinua mzee kitandani huku anatazama ukuta. Alianza kujifunga kitambaa kikubwa shingoni hata siku za jua, na watu ambao zamani walimsogelea sasa walitazama viatu vyao. Wengine walidhani anawabeza, maana alizungumza nao uso ukiwa pembeni. Polepole mialiko ikapungua, simu zikanyamaza, na nyumba yao ikabaki na watu wawili.

Guylain alimtunza, na hakuna aliyewahi kusema vinginevyo. Alifanya kazi ya kupeleka mizigo kwa gari dogo kutoka kwenye ghala moja pale Anderlecht, na kila alipomaliza zamu alirudi mbio. Alimsuka nywele, alimkatia nyama, alitembea daima kushoto kwake ili amwone. Na kulikuwa na jambo jingine. Siku moja, bila kukusudia, alimgusa Rolande shavuni kwa vidole viwili, na kichwa kikatulia. Daktari alipoambiwa hakushangaa. Alisema wagonjwa wengi wana mahali pao pa namna hiyo, mguso mdogo unaoudanganya ubongo kwa muda. Rolande alijaribu vidole vyake mwenyewe, vikasaidia kidogo tu. Vya Guylain vilisaidia zaidi. Kwa nini, daktari hakujua.

Toka siku hiyo Guylain alitembea kama mtu aliyepewa cheo. Walikaa mbele ya televisheni, vidole vyake viwili shavuni kwa mkewe, na Rolande aliweza kutazama mbele na kupumzika. Guylain alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Aliposikia anaugua maumivu, machozi yalimlenga. Lakini chini ya huruma hiyo kulikuwa na utulivu ambao hakuthubutu kuuangalia vizuri. Hakuna mwanamume aliyemtazama tena Rolande kwa uchu. Na Rolande, kichwa kikiwa kimegeukia kushoto, alimtazama yeye.

Mwaka wa 2012 sindano zikakataa. Mwili ulikuwa umeizoea ile dawa, ukajifunza kuipiga vita. Ndipo walipopelekwa kwa profesa wa upasuaji, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye alimpima Rolande, akamwekea nyaya za kusikiliza misuli, kisha akachora shingo kwenye karatasi. Alisema anaweza kuikata mishipa midogo ya fahamu inayopeleka amri kwenye misuli ile iliyoasi, ile tu, na kuiacha mingine. Misuli ikikosa amri italegea. Baadaye utafuata muda mrefu wa mazoezi, kwa sababu ile iliyobaki lazima ifundishwe kubeba kichwa. Hatari zipo: ganzi nyuma ya kichwa, shida ya kumeza kwa muda, na huenda isifaulu kabisa.

Guylain alianza kuuliza juu ya hatari, moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho akarudia mwanzo. Rolande alimngoja amalize. Kisha akamwambia profesa, kwa Kifaransa, kwamba yuko tayari.

Nyumbani Guylain alimsihi wasubiri kidogo, labda dawa mpya itatoka, labda wapate maoni ya daktari mwingine.

"Bon, wewe ungojee," Rolande alisema. "Mi nilisha kungojea ya kutosha. Mi nataka kuona bantu mu macho tena."

Hakujua alichokisema. Neno hilo liliingia moyoni mwa Guylain kama mwiba wa samaki, halikutoka. Wivu ukafungua jicho moja.

Tarehe ilipangwa ya mwezi wa tisa. Lakini katikati ya mwezi wa sita, mchana mmoja Rolande akiwa bafuni, simu yake ililia juu ya meza ya jikoni, na Guylain akaipokea. Alikuwa Cécile, katibu wa profesa. Kwa furaha alisema mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi imepatikana wiki ijayo, je, madame anaweza kuja?

Maji yalikuwa yanamwagika bafuni. Guylain alimsikia mkewe akikohoa. Lilikuwa ni suala la kugonga mlango na kusema maneno mawili.

Akasema madame yuko safarini, kwa ndugu zake, Ufaransa, na hatarudi upesi. Cécile alisikitika, akasema haidhuru, tarehe ya mwezi wa tisa iko palepale. Guylain alimshukuru, akaifuta ile namba kwenye simu, akaiweka simu pale pale ilipokuwa. Rolande alipotoka amejifunga taulo, kichwa kinamvuta, Guylain alimkalisha na kumwekea vidole shavuni. Rolande akafumba macho.

"Aksanti, papa," akasema.

Guylain aliviacha vidole vyake palepale.

Hakuwa na mpango wowote, hilo ni kweli. Alitaka tu muda. Alijiambia miezi mitatu si kitu kwa mtu aliyengoja miaka. Lakini majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa mabaya kuliko yote. Sindano haikufanya kazi tena na misuli ilikaza mpaka bega likapanda sikioni. Rolande alishindwa kukaa kwenye kiti. Alikula amelala sakafuni kwenye blanketi, kichwa kimezuiwa na ukuta, Guylain akimlisha kwa kijiko. Hata vidole vyake havikutosha tena. Aliona kila kitu, na kila siku alijua kwamba siku hii isingekuwepo kama angegonga mlango wa bafuni. Akajitia kazini, akanunua mito, akalia peke yake ndani ya gari. Kusema ukweli hakuweza.

Mwezi wa tisa ukafika, Rolande akapasuliwa. Operesheni ilichukua saa nyingi na ilikwenda vizuri. Alipoamka, shingo yake ilikuwa na mshono mrefu nyuma na mwingine mdogo upande wa kulia, na kichwa kilikuwa kimelala katikati ya mto. Hakikuvutwa popote. Alphonsine alipiga magoti kando ya kitanda. Guylain alisimama mlangoni na furaha yake ilikuwa kubwa kweli, na ndani yake kulikuwa na tone la nyongo.

Wiki za kwanza kichwa kilikuwa kizito na hakikuwa na mwenyewe. Kiliyumba kama cha mtoto mchanga. Ndipo akaingia Jérôme. Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au kiné kama wanavyoitwa kule, kijana Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu na mikono mipana. Mara kadhaa kwa juma Rolande alikwenda kwake. Jérôme alimweka mbele ya kioo kirefu, akamshika kichwa kwa viganja viwili, na kumfundisha kupata katikati, kuipoteza, kuipata tena. Rolande alirudi nyumbani amechoka na amechangamka. Jérôme amesema hivi. Jérôme ametania vile. Jérôme anasema nikiendelea hivi nitarudi kazini.

Jioni moja wamekaa mbele ya televisheni, Guylain alinyoosha vidole vyake kwa mazoea. Rolande aliushika mkono wake njiani, akaubusu, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Haiko lazima tena," akasema kwa upole.

Mwingine angeshukuru Mungu. Guylain alikaa na mkono wake juu ya goti la mkewe kana kwamba ni mkono wa mtu aliyefukuzwa kazi. Baadaye alijaribu kumpapasa nyuma ya kichwa, karibu na mshono, pale alipopenda kumpapasa zamani, na Rolande hakugeuka. Pale palikuwa na ganzi. Profesa alikwisha kuwaonya. Mkewe hakusikia kitu.

Kuanzia hapo wivu uliamka mzima, tena na njaa ya miaka mitano. Rolande alivua kitambaa cha shingoni. Alitembea barabarani kichwa kimesimama, na akarudia tabia yake ile ile: alimtazama kila mtu usoni. Guylain aliona wanaume wanavyorudisha ile mitazamo. Alianza kuichungulia simu ya mkewe akiwa anaoga. Alipokosa kitu cha kumtia hatiani alikasirika zaidi, akaona kwamba anafichwa kwa ustadi. Aliomba ruhusa kazini akamsindikiza kwenye mazoezi, akakaa kwenye kiti cha pembeni, amekunja mikono, akiangalia viganja vya yule kijana juu ya masikio ya mke wake. Jérôme, ambaye hakujua lolote, alimwita aje kujifunza namna ya kumsaidia nyumbani: amwekee kiganja kwenye paji la uso, Rolande asukume. Guylain alikataa. Alisema kwa Kifaransa kavu kwamba yeye halipwi kwa kazi hiyo. Rolande alimtazama kwenye kioo.

Mambo yalifika mwisho wake mwezi wa tatu, 2013, siku ya kumwona profesa. Profesa aliridhika. Walipokuwa wanatoka, Cécile aliinuka nyuma ya meza yake kumpongeza Rolande, akampigia makofi kidogo, akasema kwa nia njema kabisa kwamba inasikitisha tu kuwa madame alikuwa Ufaransa mwezi ule wa sita, maana angeokoa majira mazima ya joto.

Rolande alisema hakwenda Ufaransa mwaka ule.

Cécile alimtazama Guylain, akaketi.

Walipanda metro, treni ya chini ya ardhi. Waliposhuka kituo cha Merode kubadilisha laini, watu wakawapita kwa haraka zao, Rolande alisimama katikati ya jukwaa. Akageuka. Aliigeuza shingo yake polepole, kwa namna aliyofundishwa, akamtazama mumewe uso kwa uso.

"Balipiga simu?"

"Balipiga."

"Na wewe ukasema siko."

"Niliogopa, Rolande."

"Uliogopa nini? Nikufe mu operesheni?"

Guylain angeweza kujibu ndiyo. Ule ulikuwa mlango wa kutokea, na mkewe mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Lakini macho yale hayakumpa nafasi.

"Niliogopa utapona," akasema.

Treni ikaingia, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka. Rolande bado alikuwa anamtazama.

"Nilikuwa nakula pa chini," alisema, "na kijiko, sawa mutoto. Njo wewe ulikuwa unanikulisha. Kila siku ulikuwa unaniona, Guylain. Na ulikuwa unajua."

Hakupaza sauti. Treni iliyofuata ilipofika alipanda peke yake, na jioni ile Alphonsine alipiga simu kusema dada yake yuko kwake, na Guylain asithubutu kugonga mlango.

Guylain alibaki na ghorofa. Siku za kwanza hakuona aibu bado, aliona picha. Usiku na mchana alimwona Rolande na Jérôme. Sasa kwa kuwa ameondoka, aliwaza, hawana tena wa kumficha. Wazo hilo lilimkera kwa namna ya ajabu, kama jino linalouma ambalo ulimi hauachi kuligusa. Hatimaye siku ya mazoezi aliegesha gari la kazi mbali kidogo, akaingia mpaka kwenye korido, akakaa mahali anapoweza kuona ndani kupitia kioo cha mlango.

Rolande alikuwa mbele ya kile kioo kirefu, peke yake. Jérôme alikuwa upande wa pili wa chumba, amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu mzee mmoja aliyepooza nusu. Hata hakumtazama Rolande. Rolande aligeuza kichwa kulia, akarudi katikati. Akageuza kushoto, nusu tu, akasita, uso ukakunjamana kwa woga, kana kwamba upande ule kuna mtu atakayemshika asirudi. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka. Alifanya hivyo mara nyingi, hakuna aliyemsaidia, na mara moja aliporudi katikati bila kutetemeka alijitabasamia kwenye kioo. Lilikuwa tabasamu ambalo Guylain hakuwahi kuliona, kwa sababu halikuwa la mtu yeyote.

Alikaa pale akiwa na wivu uleule, umemjaa mpaka kooni, na hapakuwa na mwanamume wa kumbandika. Angekuwepo mwanamume ingekuwa rahisi. Angempiga, au angepigwa. Lakini alichokionea wivu ni uzima wa mke wake. Aliinuka kabla hajaonwa, akarudi kwenye gari, na pale ndipo aibu ilipomkuta.

Wiki chache baadaye Rolande alikuja kuchukua nguo, Alphonsine akimngoja chini. Guylain hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Aliyajua hayana uzito. Alimuuliza kuna kitu gani anaweza kufanya. Rolande alifikiri, amesimama na begi mkononi, kisha akasema anataka kitu kimoja. Ampigie Cécile, sasa hivi, mbele yake, aseme kweli.

Guylain alipiga, simu ikiwa kwenye spika. Sauti ya Cécile ilipojaa chumbani alijitambulisha, akasema kwa Kifaransa kwamba mwezi wa sita mwaka jana mke wake hakuwa safarini. Alikuwa bafuni. Alisema yeye ndiye aliyedanganya, na kwamba hakuwa na sababu ambayo mtu mzima anaweza kuisema bila kuona haya. Kisha Cécile akasema kwamba amemsikia, na kwamba, kama inamsaidia madame kujua, nafasi ile haikupotea. Mgonjwa mwingine aliipata.

Rolande alikaa kitandani. Aliuliza, kwa sauti inayosikika kwenye simu, kama huyo mtu alipona. Cécile alisema haruhusiwi kueleza habari za wengine. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba Noeli iliyopita mgonjwa huyo alituma kadi.

Rolande alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Guylain hakujua afanye nini na mikono yake, akaiacha ilegee. Alipomaliza kulia mkewe alijifuta uso, akafunga begi.

"Sijue kama nitarudia," akasema. "Donc usinipigie simu. Nikitaka, mi njo nitakupigia."

Alikaa kwa Alphonsine mpaka majani yalipoanza kuanguka. Wakati huo alirudi kazini kwa wazee wake, kwanza nusu siku. Alipiga simu mara moja kuuliza habari ya malipo ya umeme, mara ya pili hakuuliza kitu. Aliporudi Anderlecht alirudi na masharti yake, na Guylain aliyakubali yote, hata lile la kwenda kuzungumza na mtu wa kanisani kuhusu wivu wake, jambo lililomtesa kuliko kubeba friji ngazini.

Lakini mwenye wivu haponi kama mwenye shingo. Hakuna mshipa wa kukata. Jumapili moja ya mwaka wa 2014 walikuwa kwenye soko la machinjioni, kati ya mafungu ya nyanya na nguo za bei poa, walipokutana na Jérôme, mtoto mdogo amemkalia mabegani. Rolande alifurahi, akamwonyesha: kulia, katikati, kushoto, katikati. Jérôme akapiga mluzi wa kumsifu. Guylain alihisi wivu ukiamka. Aliihamishia mifuko mkono mmoja, akanyoosha ule mtupu, akamsalimu Jérôme, akamuuliza mtoto ana umri gani. Ilimchukua nguvu zake zote, na hakuna aliyejua.

Rolande alikuwa amekwisha kusogea mbele. Alisimama kwa mwuza samaki, akamtazama machoni, akamwuliza habari za nyumbani, akangoja jibu lote. Mwuza samaki alikuwa na maneno mengi. Guylain akashusha mifuko chini, akasubiri.